Mapezi ya Alumini: Historia ya Kuchagua na Kupima Vipozajoto vya Amplifaya Zinazoundwa Nyumbani, 1947–2000

1.0 Utangulizi

Mtu anayeunda amplifaya nyumbani hununua vitu vingi vidogo vya bei nafuu na vichache vizito vya bei kubwa. Miongoni mwa hivyo vizito, viwili hula sehemu kubwa ya fedha yake: transfoma, na kipande cha alumini chenye mapezi. Hicho cha pili hakikuzi sauti wala hakichuji umeme. Kazi yake ni moja tu, kupokea joto linalozalishwa na transista na kulikabidhi kwa hewa kabla halijaiua transista yenyewe. Mafundi hukiita hitisinki; katika makala hii kitaitwa kipozajoto.

Waandishi wa historia ya sauti wameshughulika zaidi na sakiti, na si ajabu, maana sakiti ndizo zinazobeba majina ya wavumbuzi. Kipozajoto hutajwa pembeni, mara nyingi katika sentensi moja inayomwambia msomaji atumie kilicho kikubwa cha kutosha. Makala hii inachunguza maneno hayo ya mwisho. Kutosha kwa kazi gani, kwa muda gani, na katika chumba chenye joto kiasi gani? Inadaiwa hapa kwamba tangu mwaka 1947 hadi mwishoni mwa karne ya 20 metali yenyewe haikubadilika sana. Kilichobadilika ni majibu ya maswali hayo matatu, na kila jibu lilikuwa na gharama ambayo muundaji aliilipa kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Mifano mingi imetolewa Uingereza na Marekani, kwa sababu huko ndiko yalikochapishwa majarida yaliyowapa waundaji hao sakiti za kufuata.

2.0 Joto Lisilohitaji Mlezi

Mwezi wa Aprili na wa Mei 1947, jarida la Wireless World la Uingereza lilichapisha sakiti ya D. T. N. Williamson, amplifaya ya wati 15 iliyotumia valvu mbili za KT66 katika hatua yake ya mwisho. Sakiti hiyo ilijengwa na wapenzi wa sauti katika nchi nyingi, na hakuna aliyeifungia kipozajoto. Si kwamba haikuwa na joto. Valvu ya KT66 iliruhusiwa kupoteza takriban wati 25 katika anodi yake, na kioo chake kiliweza kuunguza kidole cha mtu asiye mwangalifu. Lakini valvu ilikusudiwa kuwa moto tangu mwanzo. Katodi yake haitoi elektroni mpaka ipashwe, na anodi yake huhimili mamia ya digrii bila kulalamika. Joto lilinururishwa kupitia kioo, hewa ikalichukua likapanda juu, na wajibu wa muundaji ukaishia katika kuacha nafasi kati ya valvu na valvu na kutoifunika amplifaya kwa kitambaa.

Hali hiyo ilikuwa na matokeo ambayo hayakuonekana wakati ule. Kizazi kizima kilijifunza kuunda amplifaya bila kujifunza kuhesabu joto. Kilijua volti, ampea na omu; digrii za Selsiasi kilizijua kwa habari za hewa tu.

3.0 Transista na Mduara wa Joto

Transista iligunduliwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwezi Desemba 1947, miezi michache tu baada ya Williamson kuchapisha sakiti yake. Ilipofika miaka ya 1950 zilikuwapo transista za gemaniamu zenye nguvu ya kusukuma spika, na mwaka 1956 H. C. Lin wa kampuni ya RCA alichapisha mpango ulioziwezesha transista mbili za aina moja kuendesha spika bila transfoma ya kutokea. Mwaka 1961 Tobey na Dinsdale walichapisha katika Wireless World amplifaya ya transista iliyokusudiwa waundaji wa nyumbani. Njia ilikuwa imefunguka, na wengi waliipita haraka kuliko walivyostahili.

Gemaniamu ilikuwa na udhaifu ambao valvu haikuujua. Kiini cha transista, yaani mahali padogo ndani yake ambapo joto huzaliwa, hakikupaswa kupita digrii kati ya 75 na 100 kwa kutegemea aina. Tena mkondo unaovuja ndani ya gemaniamu huongezeka karibu maradufu kila joto lipandapo kwa digrii kumi hivi. Mkondo ukiongezeka, joto huongezeka. Joto likiongezeka, mkondo huongezeka tena. Mduara huo ukianza, hauzimwi na mtu aliyekaa upande wa pili wa chumba akisikiliza muziki. Transista hufa bila mwali wala kishindo, na muundaji hupata habari pale spika inaponyamaza au inapoanza kuunguruma.

Ushauri wa awali juu ya jambo hili ulikuwa wa kifundi zaidi kuliko wa kihesabu: funga transista kwenye bamba la alumini la ukubwa fulani, au kwenye kasha la metali la amplifaya yenyewe, halafu gusa. Mkono ndio uliokuwa kipimajoto. Bamba ambalo kiganja hakiwezi kulivumilia kwa sekunde chache lilihesabiwa kuwa dogo mno, na kanuni hiyo haikuwa ya kijinga, kwa kuwa ngozi ya mwanadamu huanza kukataa metali yenye digrii kama 50 au 55. Kasoro yake ni kwamba mkono hugusa bamba, ilhali kinachokufa ni kiini. Kati ya viwili hivyo pana kasha la transista, karatasi ya ulanga inayozuia umeme usivuje kwenda kwenye bamba, na hewa iliyonaswa katika mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Bamba linaweza kuwa la uvuguvugu tu na kiini kikawa kinaungua.

Silikoni ililegeza kamba. Gordon Teal wa Texas Instruments aliitangaza transista ya silikoni ya kibiashara mwaka 1954, na katika miaka ya 1960 RCA ikatoa 2N3055, transista ya kasha la chuma lenye umbo la yai na matundu mawili ya skrubu, ambayo pengine hakuna iliyopita mikononi mwa waundaji wengi kuliko hiyo. Jedwali lake lilitaja mambo mawili yaliyowafurahisha: kiini kuhimili digrii 200, na nguvu ya wati 115. Jambo la tatu lilisomwa na wachache. Wati 115 ni za kasha lenye digrii 25. Kwa kila digrii inayozidi hapo hupunguzwa karibu wati 0.66, hivyo kasha likiwa na digrii 100 zilizobaki ni wati 66 tu. Hakuna kipozajoto kinachopozwa na hewa ya chumba chenye digrii 25 kinachoweza kulishikilia kasha la transista inayofanya kazi katika digrii hizo hizo 25. Namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye jedwali ilikuwa ya kweli, na haikuwa ya mtu yeyote.

4.0 Hesabu Iliyorudi kwa Mwenyewe

Kilichowatoa waundaji katika utawala wa kiganja ni dhana ya ukinzani wa joto, inayopimwa kwa digrii kwa kila wati. Kipozajoto chenye ukinzani wa digrii 2 kwa wati hupanda digrii 2 juu ya joto la hewa kwa kila wati moja kinayopewa. Ukinzani wa ndani ya transista, ule wa ulanga na ule wa kipozajoto hujumlishwa kama vile vikinza vitatu vilivyounganishwa kwa mfululizo. Wati hushika nafasi ya mkondo, na tofauti ya digrii hushika nafasi ya volti. Mtu aliyekwisha kuielewa kanuni ya Ohm hakuwa na jipya la kujifunza.

Historia ya mfanano huu inafaa kukumbukwa, kwa maana vitabu vya mafundi huieleza kinyumenyume, kana kwamba joto limeazima hesabu zake kutoka kwa umeme. Joseph Fourier alichapisha nadharia yake ya mwendo wa joto mjini Paris mwaka 1822. Georg Ohm, alipoandika juu ya sakiti ya umeme mwaka 1827, alifuata mfano wa Fourier: aliutazama umeme ukipita katika waya kama joto linavyopita katika fimbo ya metali. Kwa hiyo muundaji wa miaka ya 1960 aliyechora vikinza ili kuelewa joto la transista yake alikuwa anaurudisha mkopo kwa mwenyewe.

Faida ya hesabu hii haikuwa usahihi peke yake. Iliuonyesha waziwazi mnyororo mzima, na kumwezesha muundaji kujua fedha yake iende wapi. Katika 2N3055, ukinzani kutoka kiini hadi kasha ni takriban digrii 1.5 kwa wati, na hakuna anachoweza kufanya juu ya huo. Karatasi ya ulanga iliyopakwa grisi ya silikoni pande zote mbili huongeza karibu nusu digrii. Ikiwekwa kavu huongeza zaidi, na tofauti hiyo hununuliwa kwa senti chache za grisi. Sehemu inayobaki ndiyo ya kipozajoto, na hapo ndipo bei hupanda kwa kasi. Kanuni ya kukadiria iliyozoeleka miongoni mwa waundaji ilisema kwamba ili kupunguza ukinzani wa bamba tupu kwa nusu, eneo lake lazima liongezwe mara nne. Mapezi yalibuniwa kwa sababu hiyo: kukunja eneo kubwa ndani ya nafasi ndogo.

5.0 Linsley Hood na Joto la Ukimya

Mwezi Aprili 1969, Wireless World lilichapisha makala ya John Linsley Hood juu ya amplifaya sahili ya daraja A yenye wati 10. Ilitumia transista nne tu kwa kila upande, na bado inaundwa hadi leo. Kwa spika ya omu 8 ilihitaji volti 27 na mkondo wa ampea 1.2, unaopita wakati wote, muziki uwepo usiwepo. Mzidisho wa hizo ni wati 32. Amplifaya ya wati 10 ilikuwa pasi ya umeme ndogo iliyowashwa muda wote, na kwa stirio zilihitajika mbili.

Katika daraja A amplifaya huwa na joto kali zaidi inapokuwa kimya. Sauti ikitoka, sehemu ya nishati huenda kwa spika na transista hupumua kidogo. Hivyo basi hakuna nafasi ya kubahatisha. Muundaji wa daraja B aliweza kujidanganya kwamba hatapiga muziki kwa sauti kubwa, na pengine akawa na haki. Muundaji wa daraja A hakuweza. Kwa mtazamo wa mwandishi wa makala hii, hapo ndipo hesabu ya digrii kwa wati ilipokoma kuwa elimu ya vitabuni na ikawa sharti.

Tuchukue mfano wa transista mbili za 2N3055 katika sakiti hiyo, kila moja ikipoteza wati 16.2, na muundaji anayetaka kiini kisizidi digrii 100, kwa kuwa maisha ya transista hufupika inapokaribia kikomo chake. Chumba kikiwa na digrii 25, nafasi iliyopo ni digrii 75. Zikigawanywa kwa 16.2 hupatikana 4.6, zikitolewa 2 za ndani ya transista na ulanga, kipozajoto cha kila transista kisizidi digrii 2.6 kwa wati, au 1.3 zikifungwa mbili kwenye kimoja. Hewa ikiwa na digrii 35, kama ilivyo kawaida mchana wa Januari katika chumba kisicho na feni Dar es Salaam au Mombasa, hesabu ile ile hudai digrii 1.0 kwa wati. Kwa kanuni ya bamba iliyotajwa hapo juu, hilo ni ongezeko la eneo la karibu asilimia 70. Majedwali yaliyoandikwa kwa digrii 25 hayakumdanganya msomaji wa pwani yetu. Yalimwandikia mtu mwingine.

Upande wa Marekani njia hiyo hiyo ilifuatwa na Nelson Pass, aliyewapa wasomaji wa jarida la The Audio Amateur amplifaya yake ya A40 mwaka 1978, na ile iitwayo Zen mwaka 1994. Zote mbili ni za daraja A. Picha za amplifaya zilizoundwa kwa kufuata sakiti zake zinaonyesha mgeuko wa pekee: kipozajoto si kifaa kilichofungwa kwenye kasha tena, bali kuta za kasha zenyewe ni vipozajoto, na sakiti imekuwa kitu kidogo kilichosimikwa katikati.

6.0 Theluthi ya Nguvu

Waundaji wengi zaidi hawakuchagua daraja A. Walichagua daraja B au mchanganyiko wake, ambapo joto hufuata sauti. Swali likawa gumu kwa namna nyingine: kipozajoto kipimwe dhidi ya sauti gani?

Hesabu ya wimbi sahili hutoa jibu lisilotarajiwa. Joto la daraja B halifikii kilele katika nguvu ya juu kabisa, bali pale volti inapokuwa asilimia 64 hivi ya kikomo, yaani katika asilimia 40 ya nguvu. Wakati huo transista hupoteza kwa pamoja karibu asilimia 40 ya nguvu kamili ya amplifaya. Ya wati 100 itahitaji kuondoa wati 40 za joto kwa kila upande.

Jambo hili liliingia katika sheria. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji nchini Marekani walikuwa wakitangaza wati za kila aina, zikiwamo zile amplifaya ilizoweza kuzitoa kwa kitambo kifupi tu kabla ya kulemewa. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Marekani ilianza kutumia kanuni iliyotaka amplifaya ipashwe kwanza kwa saa nzima ikitoa theluthi ya nguvu iliyotangazwa, ndipo ipimwe. Theluthi iko jirani kabisa na kilele cha joto: amplifaya ya wati 100 hupoteza wati 40 hapo pia. Kipande cha alumini kilichowahi kuwa siri ya mhasibu wa kiwanda kikawa shahidi wa ukweli wa tangazo. Watengenezaji walilalamika kwamba hakuna muziki unaofanana na wimbi moja lisilokoma, na mwaka 2000 kiwango hicho kilishushwa hadi sehemu ya nane ya nguvu, ambapo joto la amplifaya ile ile ni wati 32 hivi.

Muundaji wa nyumbani hakubanwa na kanuni hiyo. Hata hivyo alikuwa na shauri lile lile la kuamua, bila tume ya kumlazimisha wala mnunuzi wa kumlalamikia. Muziki wa kawaida hupanda na kushuka, na wastani wake huwa mbali chini ya kilele. Mtu asikilizaye taarabu sebuleni hufika theluthi ya nguvu kwa nadra. Lakini amplifaya hiyo hiyo ikiazimwa kwa harusi, ikapigwa tangu magharibi hadi alfajiri, wimbi lisilokoma la tume halionekani tena kuwa kichekesho. Ukali wa mwaka 1974 ulikuwa na maana zaidi kwa vyombo vya aina hiyo kuliko kwa vile vilivyotungiwa kanuni yenyewe.

7.0 Kisichosemwa na Namba

Kufikia miaka ya 1970 vipozajoto viliuzwa vikiwa na namba zao, na namba ikazaa uzembe mpya. Ukinzani unaotangazwa hupimwa mapezi yakiwa wima, hewa ikiwa huru, na mara nyingi kipozajoto kikiwa na joto kubwa juu ya hewa, kwa kuwa mkondo wa hewa inayopanda huwa na nguvu zaidi metali ikiwa moto zaidi. Kikitumiwa kwa joto la wastani, kipozajoto kile kile huwa hafifu kuliko namba yake. Kikilazwa mapezi yakiwa mlalo, hewa hunaswa. Kikifungiwa ndani ya kasha lisilo na matundu, namba hupoteza maana yote. Hata rangi nyeusi imesifiwa kupita kiasi: alumini iliyong'arishwa hunururisha joto kidogo sana, na kuitia tabaka la oksidi hurekebisha hilo, tabaka lenyewe ndilo linalofanya kazi, na liwe jeusi au la fedha tofauti ni ndogo.

Tatizo la hila zaidi lilihusu wakati. Transista ya silikoni huhitaji volti pungufu kwa milivolti 2 hivi kwa kila digrii inayopanda, ndiyo sababu waundaji hufunga transista ndogo juu ya kipozajoto iwe mlinzi wa mkondo wa utulivu. Lakini kipozajoto kikubwa ni kizito, na kizito hupata moto polepole. Kiini kinaweza kupanda kwa sekunde chache huku mlinzi aliye mbali akipata habari dakika kadhaa baadaye. Douglas Self alilichambua jambo hili kwa kina katika maandishi yake ya miaka ya 1990, na ushauri uliotokana nayo ni kumweka mlinzi karibu na chimbuko la joto iwezekanavyo, hata juu ya kasha la transista yenyewe. Ukubwa, uliokuwa kinga pekee mwaka 1961, ulikuwa umegundulika kuwa na upande wake wa pili.

8.0 Metali Inapopungua

Ndoto ya kuliepuka joto badala ya kulibeba ilikuwapo mapema. Mwaka 1964 Clive Sinclair aliwauzia waundaji wa Uingereza X-10, amplifaya ya vipande vya kuunganisha iliyowasha na kuzima transista zake maelfu ya mara kwa sekunde, ambayo leo ingeitwa ya daraja D. Kinadharia transista iliyofungwa au kufunguliwa kabisa haipotezi joto. Transista za wakati huo hazikuwa na wepesi wa kutosha, na X-10 haikufikia ahadi yake.

Ahadi ilitimia miongo mitatu baadaye, chipu za daraja D zilipofikia ufanisi wa asilimia 80 hadi 90 na zaidi. Wakati huo huo, mwaka 1999, kampuni ya 47 Laboratory ya Japani ilitoa Gaincard, amplifaya ndogo iliyojengwa juu ya chipu moja ya kawaida ya daraja AB, na waundaji wakaiiga kwa wingi. Wengi wao walizifunga chipu hizo kwenye vipozajoto vilivyong'olewa katika kompyuta kuukuu, vitu vilivyobuniwa kwa ajili ya feni na ambavyo bila feni hutoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Katika baadhi ya chipu za daraja D mapezi hayapo tena: joto hushuka kupitia bamba dogo lililo chini ya chipu na kusambaa katika shaba ya ubao wa sakiti. Muundaji anayetaka kujua kama chipu yake iko salama huugeuza ubao na kugusa upande wa chini, kwa kiganja.